Mlango Uliohama

Saa nne asubuhi.

Chumba cha nyuma ya gereji kilinuka oili. Mzee Kufuli alikalia betri la lori, ramani ya duka la sonara magotini. Jina hilo hakupewa bure. Kila kazi, funguo anashika yeye: wa geti, wa gari, wa chumba cha kugawana. Hamwamini hata mama yake mzazi.

Mbele yake walikuwa wawili tu. Dereva, na mwanamke waliyemwita Shemeji, mjane wa mwenzao aliyeuawa kazi iliyopita. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo wa genge. Sasa fundi ni yeye.

"Haya, Shemeji. Mlango wa chumba cha dhahabu."

"Uko kwenye mtandao. Kila kifaa mle kina anwani yake, kama nyumba mtaani. Simu yako ikiijua anwani ya mlango, unabonyeza, unafunguka. Ukishaingia unajifunga wenyewe, na ndani hauna kitasa. Unabonyeza tena ndipo utoke."

"Anwani anagawa nani?"

"Rauta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti. Juzi nilijifanya fundi wa intaneti, nikaishika. Ila sikiliza, Mzee. Kuna anwani za kudumu na za kuazima. Ya kuazima, muda wake ukiisha..."

"We mama, nimekuja darasani? Nipe namba!"

Akampa. Kufuli akaiingiza kwenye simu.

"Simu hii haitoki mkononi mwangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Shemeji alijibu bila kumtazama. Kufuli alimwambia kwamba mumewe aliteleza wakati wa kukimbia. Uongo mtupu! Dereva alishindwa kulala na uongo huo, akamtobolea Shemeji siri. Mumewe alifika getini mzima wa afya, akagonga, akaita. Kufuli akageuza ufunguo, akamfungia ndani, akapanda gari. Walinzi wakammalizia palepale. Na lile zee, halina haya, likaja msibani likalia kumshinda mjane.

Saa saba mchana.

Sonara, mafundi na walinzi wake walitoka kwenda kula. Gari lilisimama uchochoroni, kompyuta mapajani mwa Shemeji, simu yake ikiwa hewani na ya Kufuli, spika imewashwa. Alishazizima kamera. Kufuli alipenya mlango wa nyuma, akafika kwenye chumba cha dhahabu, akabonyeza. Ukafunguka. Akaingia, ukajifunga.

"Lo! Jamani, ni nyingi!" alicheka kwenye kipaza sauti cha simu. "Tumetoka kimaisha!"

Dereva alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama saa kwenye kioo cha kompyuta.

Saa saba na dakika kumi.

Muda wa kuazima uliisha. Mlango ukaomba anwani upya. Rauta ikaupa nyingine, kama Shemeji alivyoipanga.

"Shemeji! Haufunguki huu!"

"Umehama, Mzee. Kwenye namba uliyo nayo hakuna mtu."

"Umehamia wapi? Nitajie, haraka!"

"Ninaiona hapa mbele yangu."

Kufuli si mjinga. Sauti ikageuka laini.

"Shemeji, mimi ni kama kaka yako."

"Hata mume wangu ulimwita mdogo wako. Alikuita mara ngapi pale getini?"

"Nani kakwambia upuuzi huo? Dereva! Mnyang'anye hiyo kompyuta! Mzigo wote wako!"

Dereva alikamata usukani kwa mikono miwili.

"Siku ile nilikuwa natazama kwenye kioo cha gari, Mzee. Nilimwona akigonga geti."

Matusi yakamwagika. Kisha kuomba. Kisha ngumi na mateke kwenye chuma, bila mpangilio, kama mtu aliyepagawa.

Shemeji akabonyeza kitufe kimoja. King'ora cha duka kikalia mtaa mzima. Sonara akatoka mgahawani mbio, kijiko bado mkononi, na walinzi wawili nyuma yake.

"Twende, Shemeji," Dereva alisema. "Na dhahabu je?"

"Abaki nayo."

"Basi twende. Watatukuta hapa."

Machozi yalimtoka Shemeji, ya kwanza tangu azike. Aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Ngoja kidogo," alisema. "Bado anagonga."