Mwaga Gunia Lote

Waithera hakwenda sokoni kutafuta mume. Alikwenda kutafuta viazi, kwa sababu mtu wake wa viazi alikuwa amemwangusha asubuhi hiyo, na kibanda cha chipsi bila viazi ni meza na chumvi tu. Alikuwa amevaa sketi ya jinzi, sweta ya manjano na rangi ya mdomo ambayo hata yeye hakujua aliipaka ya nini. Akasimama nyuma ya lori lililotoka Molo, akagonga gunia moja kwa kidole.

"Mwaga hili nione."

"Mama Abby," sauti ikajibu kutoka juu ya mzigo. "Hujabadilika."

Wanyoike, mumewe, aliteremka polepole, jaketi la baridi ya Molo limefungwa mpaka shingoni ingawa Nakuru jua lilishaanza kuchoma. Ilikuwa miezi saba tangu mwanamke wa huko Molo ampigie Waithera simu na kumwambia, kwa adabu kabisa, kwamba wao wawili wana mume mmoja. Siku hiyo hiyo nguo za Wanyoike zililala kwenye ngazi. Tangu hapo alikuwa akipiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili Waithera aliipokea na kumpa mtoto.

"Umekonda," akasema Waithera.

"Najipikia."

"Si kuna mpishi huko?"

"Hiyo iliisha kitambo. Nilitaka kukuambia kwa simu, lakini ukampa Abby. Ikabidi niulize mambo ya homework."

Waithera nusura acheke, akajikaza. Akamwonyesha gunia kwa kidevu. Lilikuwa mukurino, gunia la kushindiliwa mpaka likavaa kilemba. Walijuana kwa gunia kama hilo, miaka kumi na moja iliyopita. Wanyoike alikuwa amepanga viazi vikubwa juu na vibovu chini, kama wafanyavyo wengi, na huyu msichana akakataa kununua mpaka limwagwe lote mbele ya watu. Alilimwaga, akaaibika, kisha akaomba namba ya simu.

Sasa alikata uzi, akalimwaga tena. Viazi vilibingirika kwenye turubai, vizuri mpaka cha mwisho.

"Naona uliacha ukora."

"Niliacha, mpenzi. Nataka kurudi nyumbani."

Ni jambo ambalo Waithera alikuwa amelisubiri na kuliogopa. Usiku mwingi alikuwa amepanga namna ya kukataa. Lakini Abby alikuwa akimuuliza kila siku baba atarudi lini, na yeye mwenyewe, bila kumwambia mtu, alikuwa amechoka kulala upande mmoja wa kitanda.

"Nikuulize kitu kimoja. Ulishaniambia yote?"

Alitarajia aape. Wanyoike alitazama gunia tupu mkononi mwake.

"Kuna moja ilibaki chini."

"Sema."

"Siku tulizika mum."

Siku hiyo huko Njoro mama yake Waithera alikuwa ameshateremshwa kaburini ndipo mkwe alipofika, viatu na suruali vimejaa matope. Lori limekwama Mau Narok, alisema.

"Halikukwama," akasema Wanyoike. "Nilikuwa kwa yule mama wa Molo. Nilipofika karibu na boma nikashuka kwa mtaro, nikajipaka hayo matope."

Waithera alikaa juu ya viazi, hakuchagua pa kukaa. Matope yale aliyapangusa yeye. Alipiga magoti na nguo yake nyeusi ya msiba, akayapangusa kwa leso, shangazi zake wakinung'unika, naye akiwaambia wamwache, ametoka mbali. Kwa miaka miwili hiyo ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yake pekee nzuri ya siku ile. Alihisi ameibiwa mama mara ya pili.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Nisingejua hata kidogo. Mbona umesema?"

"Ungeninunua bila kumwaga."

Simu yake ikalia. Abby. "Mum, umepata viazi? Watu wanauliza."

"Nimepata," akasema, akakata. Kisha akaanza kurudisha viazi guniani kimoja kimoja. Wanyoike alichuchumaa kusaidia. Waithera hakumfukuza, na hilo lilimshangaza hata yeye mwenyewe.

"Jumamosi tunaenda Njoro," akasema Waithera.

"Kufanya?"

"Utasimama kwa kaburi la mum, umwambie vile umeniambia. Mtaro, matope, kila kitu. Kwa sauti. Shangazi watakuwa hapo."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo tutarudi nyumbani, sisi watatu."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima, na yalimshtua kuliko yote aliyosikia asubuhi hiyo. Alingoja yamrudi mdomoni. Hayakurudi. Basi akamnyooshea Wanyoike mdomo wa gunia, na kumwambia ashone.