Hadeda Katikati ya Bahari

"Uko wapi saa hii?" nilimuuliza.

"Mtamboni, mpenzi. Nimetoka nje kidogo kupunga upepo. Huku Angola joto kali."

Nilikuwa saluni kwangu mtaa wa La Rochelle, hapa Joburg, mteja kasukwa nusu kichwa, simu nimeibana kwa bega. Zephania wangu, mtu wa Kigoma, ni injinia wa visima vya mafuta baharini: wiki nne kule, wiki nne kwangu. Safari hii alidai mwenzake wa kumpokea hajafika, kwa hiyo anaendelea na zamu. Kwa sababu hiyohiyo harusi yetu ilishaahirishwa mara mbili. Sasa ilikuwa Jumamosi ijayo, na mimi nilikuwa nimechoka hata kuomba Mungu.

Mara kwenye simu ndege akapiga kelele: haa! Haa-haa-haa!

Nani anaishi Joburg asimjue hadeda? Analia kama mtu aliyebanwa vidole mlangoni.

"Zephania, hiyo ni nini?"

"Ipi?"

"Hadeda! Tangu lini hadeda anaishi baharini? Na wewe ndiye uliniambia huko hamruhusiwi kutoka nje na simu, cheche moja tu gesi inalipuka. Leo unapunga upepo na simu?"

Hadeda akalia tena. Nikaishika simu kwa mkono.

"Uko wapi?"

"Hapahapa Joburg, Midrand. Kwa Thierry, yule tuliyekuwa naye kazini."

Mteja wangu akageuka. "Eish, dada. Huyo ana mwanamke."

"Kama ni mwanamke, sema," nikamwambia Zephania, "nimalize kusuka watu."

"Hakuna mwanamke, Masika. Nakuja."

Jioni akaja na lile begi lake. Miaka yote hakuwahi kulitoa vitu vyote. Lilikaa mlangoni, kwa sababu ofisi ingeweza kuita wakati wowote. Akaliweka palepale.

"Walitupunguza," akasema. "Bei ya mafuta ilianguka, mtambo ukafungwa. Mwezi sasa."

"Mwezi muzima! Miye nakuliliaka Angola, kumbe uko Midrand?"

"Nilitaka nipate kazi nyingine kwanza. Mama yako anamtegemea injinia. Ningemwambia nini?"

"Wiki za bahari ni za kampuni, sikusema kitu. Lakini wiki za nyumbani ni zangu, Zephania. Zangu! Ukaenda kumupa Thierry?"

Akajifunika uso. Alikuwa amekonda. Nikamwonea huruma, nikakasirika kwa kumwonea huruma.

"Mwambie mama wewe mwenyewe," nikasema.

Mama yangu, Victorine, alishafika kutoka Butembo kwa ajili ya harusi, amefikia kwa dada yangu mtaa wa Rosettenville. Nikampigia, nikaweka spika.

"Shikamoo, mama," Zephania akasema.

"Eeh, jambo mwanangu. Uko ku bahari?"

"Hapana, mama. Nimeachishwa kazi. Sina kazi."

Mama akaendelea kupika. Tulisikia kijiko kikigonga sufuria.

"Imeisha kabisa?"

"Kabisa, mama."

"Habawezi kukuita tena?"

"Hawawezi."

"Aksanti Yesu. Basi Jumamosi utakuwako."

Zephania akalia, tena kwa sauti. Mimi sikulia, machozi yangu yaliishia Angola. Nikalivuta lile begi kutoka mlangoni, nikamwaga kila kitu kitandani. Ovaroli yake bado inanuka mafuta.

"Kesho utafua," nikamwambia. "Wewe mwenyewe. Begi linapanda juu ya kabati."