Mkwe Hapandi Paa Hili

Tangu mkoa wa Simiyu uzaliwe, hajatokea fundi wa kompyuta kama Mayunga wa Bariadi, na kwa sura pia tusidanganyane. Mrefu, shati limenyooka, akigusa modemu kwa kidole kimoja tu netiweki inakuja yenyewe. Wateja wote aliwaambia vilevile: nipe dakika tano.

Salu alimpa saa mbili.

Ilikuwa Jumatatu. Kiduka cha Mayunga cha stationeri karibu na stendi kilijaa vijana waliomaliza shule, kila mmoja na fomu yake, jasho limechanganyika na harufu ya wino wa printa. Salu akapenya katikati yao, gauni la njano limemkaa kiunoni, viatu vimejaa vumbi la kijijini kwao Ngulyati, laptopu ya marehemu baba yake ameifunga kwenye kanga kama mtoto mgonjwa. Alitaka kuomba nafasi ya uuguzi kwenye chuo kimoja cha Mwanza. Mayunga akachomeka modemu. Akaichomoa, akaipuliza, akahamia nayo mlangoni, akapanda juu ya benchi. Vijiti vya netiweki vikaja viwili, kikabaki kimoja, kikafa.

"Kaka, dakika tano za kwenu huwa na saa ngapi?" Salu akauliza, na duka zima likacheka.

"Netiweki imeona aibu, dada. Imekutazama."

"Basi na wewe acha kunitazama, labda utafanya kazi."

Fomu wakaijaza kwa vipande, leo ukurasa huu, keshokutwa ule, na kati ya ukurasa na ukurasa simu zikaanza. Salu akawa "nesi wangu". Mayunga akawa "Dakika Tano", jina ambalo alijifanya halipendi. Mwishowe akamwahidi kwamba pamba ikishauzwa, atatuma wazee kwao. Asichokijua ni kwamba Salu, kwa furaha, hakuweza kulikalia neno hilo. Alimweleza mama yake siku ileile.

Zikabaki picha za vyeti, na mwisho wa kuzituma ulikuwa Ijumaa saa sita mchana. Mjini kila mtu alikuwa anagombania mnara mmoja, kwa hiyo Mayunga akaona bora aende Ngulyati, ambako hakuna wa kugombana naye. Akafika Ijumaa hiyo asubuhi na modemu yake na waya mrefu wa kuiunganishia. Nyuma yake mvua ikashuka, mto ukajaa, njia ya kurudi ikafungwa.

Ndani ya nyumba, bati lilimeza netiweki yote. Dirishani kijiti kimoja. Barazani kimoja. Mayunga akaifunga modemu katikati ya karai la kuoshea vyombo, akaligeuzia upande wa mjini, vikaja viwili, na picha ya kwanza ikaenda nusu ikakwama. Karai lilitaka kwenda juu. Na sehemu ya juu ya paa ilikuwa moja tu, juu ya chumba anacholala mama.

Ilikuwa saa tano na robo aliposhika ngazi. Nyanjige, mama yake Salu, akaja akasimama mbele yake, akamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwanangu. Nikuulize kitu. Wewe ni fundi, au umekuja kwa ajili ya huyu? Kama ni fundi, panda. Mkwe hasimami juu ya kitanda changu, hata chuo kiwe cha nani."

Kila mtu kule anajua. Mkwe akikutana na mama mkwe njiani, huacha njia na kugeuza uso, na mama naye vilevile. Sasa asimame juu ya kitanda chake? Mayunga akamtazama Salu, karai mkononi. Akatazama saa.

"Mimi ni fundi tu, mama. Huyu ni mteja kama wateja wengine."

Nyanjige akamgeukia binti yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akaondoka kwenye ngazi.

Juu ya bati vikaja vijiti vinne. Picha ya mwisho ikaenda saa sita kasoro dakika saba, Mayunga akashangilia peke yake. Aliposhuka na karai, Salu akalipokea, akaanza kulisugua kwa majivu, hainui uso.

"Asante, fundi," akasema. Basi.

Wiki sita simu ikaita bila kupokelewa. Meseji hazikujibiwa, hata zile za utani ambazo zilimtoa jasho kuziandika. Ni Joakim, binamu yake Salu anayeendesha bodaboda, aliyekuja kumwambia dukani: Salu amepata chuo, anaondoka Jumamosi. "Na umemfanya aonekane mwongo kwa mama yake. Alishamwambia utatuma wazee."

Jumamosi Mayunga akaenda. Kupitia ua wa minyaa akamwona Nyanjige anafagia uwanja. Hakuingia. Akaacha njia, akasimama kwenye pamba, akageuza uso, ndipo akapiga simu. Ikapokelewa.

"Nakuona. Unatafuta nini kwenye pamba yetu?"

"Nampisha mama mkwe."

"Ulisema mimi ni mteja."

"Ningesema kweli, ngazi ingeondolewa. Chuo kingekupita."

"Hukuniuliza. Wiki sita mama ananitazama kama mwongo. Chuo ni changu, na aibu ni yangu. Ungeniachia nichague mwenyewe."

Mayunga akatafuta utani, hakuupata. "Nisamehe, nesi wangu. Nilidanganya. Wazee watakuja, na leo nimesimama hapa ili mama aone mimi ni nani."

Hapo akasimama wima, macho makavu, mwanaume kamili, na Salu akatupa begi, akaruka minyaa, akamkumbatia, akakubali palepale.

Salu amesoma mpaka hapa. Yuko likizo, amesimama nyuma ya kiti cha mwandishi, na kidole chake kimebonyeza kioo cha laptopu mpaka kimeacha alama.

"Nani aliruka minyaa? Futa. Mimi sikutoka barazani, Mayunga. Wewe ulikaa chini kwenye pamba ukalia mpaka kamasi, na mimi sikusema ndiyo wala hapana. Aliyetoka ni mama. Alileta kikombe cha maji, akakiweka chini mbali na wewe, akageuza uso, akarudi ndani bila kukusalimia. Andika hilo."