Vikapu vya Udongo Mweusi

Kila asubuhi, kabla ya chai, Tuda alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo. Alizoa samadi zizini, akaijaza katika kikapu cha mgongoni, akapanda nayo mpaka shamba la marehemu baba yake. Lilikuwa shamba la matuta matano, yamepangwa kama ngazi ubavuni mwa mlima. Baba alijenga kuta zake za mawe kwa mikono yake kwa miaka sita, kisha kifua kikamuua kabla hajaonja viazi vya tuta la tano. Waliobaki ni Tuda, binti wa miaka kumi na miwili, mama yake Hniya, na ng'ombe mmoja mwekundu. Walikula kilichotoka katika matuta yale, na hawakuwa na kingine.

Uzito wa kikapu Tuda aliuzoea. Kilichomshinda ni kejeli za darasani.

"Jamani, zizi limeingia! Fungueni madirisha!" Rqia, binti wa jirani, alipiga kelele kila Tuda alipokaa. Darasa zima lilicheka mpaka mwalimu agonge meza.

Juu ya tuta la tano ulianza msitu wa mialoni ulioitwa agdal, maana yake uliofungwa. Hakuna aliyekata hata kijiti humo mpaka theluji ianguke na mbuzi wakose malisho. Hapo wazee wa baraza waliufungua, kila nyumba ikapewa siku zake za kukata matawi. Mlinzi alikuwa Ami Aqqa, mtu wa maneno makali na masikio makali zaidi. Shoka likilia mara moja, yeye ameshafika na fimbo yake.

Lakini kuzoa udongo hakuna kelele. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Tuda alifukua majani makavu chini ya mwaloni, akakuta udongo mweusi, laini, unaonukia vizuri. Akafikiri, kwa nini nibebe mavi kutoka chini wakati mbolea hii hapa? Tangu siku hiyo samadi aliimwaga korongoni, akapanda na kikapu kitupu, akakijaza udongo msituni, akaumwaga shambani.

"Umepeleka samadi?" mama aliuliza.

"Nimepeleka, mama."

Viazi vikastawi ajabu. Hniya alisimama tuta la tano, akavishika vile vichwa vya kijani, macho yakamlengalenga. "Mwanangu, una mkono wa baba yako," alisema. Tuda aliona aibu, lakini utamu wa sifa ukaishinda aibu. Akaendelea. Kufika mwezi wa nane mteremko wote juu ya shamba ulikuwa umekwanguliwa, mizizi ya mialoni iko nje, naye akaifunika kwa vijiti vikavu.

Kisha ikaja mvua ya mawe. Ilikuwa mchana, Tuda na mama yake wako ng'ambo ya kijito wakipura shayiri. Haikudumu hata nusu saa. Waliona maji mekundu yakitoka chini ya mialoni, kisha mteremko wenyewe ukateleza. Tuta la tano liliangukia la nne, la nne likaangukia la tatu, na tope lote likaishia zizini. Mvua ilipokatika walimkuta ng'ombe. Pembe moja tu ndiyo iliyoonekana.

Hniya hakulia. Aliokota jiwe la ukuta wa mumewe, akaliweka juu ya jingine. Likaanguka. Akaliweka tena.

Kesho yake baraza lilikaa uani mwa msikiti, kijiji kizima kimesimama. Hata chemchemi ya kijiji ilikuwa imezibwa na tope, kijito nacho kimechafuka, na wanawake walikwenda mtoni mwendo wa saa mbili. Moha, mkuu wa baraza, alimwelekea Aqqa.

"Mteremko umekwanguliwa. Mjini wauza maua wananunua udongo wa msitu kwa gunia. Nani anashinda msituni kama si wewe?"

"Mimi niuze agdal?" Aqqa alifoka. "Nendeni mkaihesabu miti! Tawi halijakatwa!"

"Fimbo ya ulinzi utaiacha hapa, na zamu yako ya maji ya kumwagilia shamba imefutwa."

Kwa Aqqa hiyo ilikuwa njaa, na mkewe alianza kulia. Lakini aliyepiga kelele kuliko wote ni Hniya. "Umeniulia ng'ombe, Aqqa! Umemzika mume wangu mara ya pili!"

Tuda alirudi nyuma hatua moja. Rqia alikuwa ubavuni mwake, akamnong'oneza. "Kikapu chako hakijanuka tangu mwezi wa tatu. Usidhani sikuona."

"Nyamaza, Rqia."

"Mimi nitanyamaza. Na wewe je?"

Aqqa alikuwa ameshaiweka fimbo chini. Tuda aliutazama mkono ulioiweka, ule uliowahi kumtoa kijitoni alipokuwa mdogo. Akajipenyeza katikati ya wazee.

"Si Ami Aqqa. Ni mimi."

Watu wote wakamgeukia. Mama yake ndiye aliyeuliza, kwa sauti ndogo. "Na samadi?"

"Niliimwaga korongoni. Walinicheka shuleni, mama. Wakaniita zizi."

Hniya akakaa chini palepale. Rqia alitazama viatu vyake.

Aqqa hakumpiga mtu. Alinyakua birika la maji la baraza, akapanda mlimani kwa hasira, na watu wakamfuata. Chini ya mialoni iliyosalimika alimimina maji juu ya majani, yakazama yote. Alipofukua, nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimetambaa kati ya majani yanayooza. Kisha akamimina palipokwanguliwa. Maji yakateleza, yakalowesha viatu vya Moha.

"Mmeona?" alisema. "Majani huanguka, wadudu na kuvu wakayala, yakawa udongo. Udongo huo hunywa mvua, ukainywesha mialoni na chemchemi yetu polepole. Mti hulisha udongo, na udongo hulisha mti. Ukiondoa kimoja, kingine hakikai. Mimi nami nimekosa. Miaka kumi na tisa nalinda matawi, wala sikuangalia ninapokanyaga."

Moha alimrudishia fimbo mbele ya watu na kumwomba radhi. Tangu siku hiyo katazo la agdal liligusa hata jani lililoanguka. Kila nyumba ilitoa mtu wa kuzibua chemchemi na kujenga upya kuta za shamba. Yalisimama matuta mawili. Mahali pa yale matatu palibaki mwamba mtupu, na hakukuwa na udongo wa kuufunika.

Hukumu ya Tuda ilikuwa kupanga mawe mteremkoni ili maji yapunguze mbio, na kupeleka huko samadi na majani makavu ya kijijini kila siku.

"Udongo utarudi lini, Ami?"

"Ukiwa bibi, labda. Anza leo."

Ng'ombe hawakuwa naye tena, kwa hiyo samadi ilibidi aiombe mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza ulikuwa wa akina Rqia. Tuda alisimama nje na kikapu, hawezi kubisha. Hniya akaja nyuma yake, akauweka mkono begani mwake.

"Harufu ya samadi huisha kwa ndoo moja ya maji," alisema. "Uongo wako umekula kazi ya baba yako, na mimi nimemtukana mtu asiye na kosa. Ukiona aibu tena, niambie, tuione sote wawili. Usiifukie mahali. Haya, bisha hodi."

Tuda akabisha.