Huyu Ndiye?

Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu, kana kwamba mpigaji alilala kifudifudi juu ya hema akachungulia kwenye tundu la moshi. Mtoto amelala chali, mdomo wazi, blanketi limemtoka miguuni. Usoni pake palichorwa mraba mweupe, na chini ya mraba kishikwambi kiliuliza: Huyu ndiye Enebish?

Mwenye mtoto amvute karibu kabla sijaendelea. Wasimulizi wengine wa majini humtafuta mlevi, mwizi au mnyang'anyi wa mayatima, ili yakimpata tuseme amejitakia. Mimi wangu sina la kumsingizia. Alikuwa baba mwema, na jini lilipitia kwenye wema huohuo.

Jina lake Sengee. Alifanya kazi mgodini kule jangwa la Gobi, wiki mbili kazini, wiki mbili nyumbani Ulaanbaatar, katika hema lao la mviringo, la sufu, lililokuwa mlimani, mahali ambapo moshi wa makaa siku za baridi humeza hata ua wa jirani. Mkewe Urna alikuwa mwokaji wa mikate mjini. Mama mzazi wa Sengee, Bibi Dulma, aliishi nao, na watoto walikuwa wawili: Hulan, binti wa miaka kumi, na mdogo wake Enebish wa miaka mitano.

Enebish kwa lugha ya kwao maana yake ni "siye huyu". Usicheke, jina hilo lilikuwa ngao. Kati yake na dadake walizaliwa wavulana wawili, na wote walizikwa kabla hawajaota meno. Alipozaliwa huyu wa mwisho, Bibi Dulma hakungoja ushauri wa mtu. Alisema kinachobeba watoto hakina macho mazuri, ndiyo maana huja kikiuliza. Basi kikija kuuliza mtoto wa nyumba hii ni yupi, kila atakayemtaja atakuwa anakijibu: siye huyu. Na mtoto akitolewa nje baada ya jua kuzama, bibi alimpaka masizi kwenye paji la uso ili kikimwona kidhani ni sungura. Sengee alimwacha mama yake afanye apendavyo. Mzee ni mzee, na masizi yanaoshwa.

Yeye alikuwa mtu wa mitambo. Kile kishikwambi alikinunua kwa sababu moja tu, kwamba wiki zake mbili za nyumbani zilikuwa chache na alitaka watoto wazikumbuke. Wanaume wa mlimani walimtania, wakimwita Mama Hulan, kwa kuwa jioni hakuonekana barazani kwa mtu. Yuko ndani kajilaza sakafuni, mtoto huku, mtoto huku, wanatazama katuni. Walitengeneza hata filamu zao wenyewe. Hulan ndiye alikuwa akitoa amri, Enebish akawa mbwa mwitu, na baba, na ukubwa wake wote ule, akawa kondoo. Akilia kama kondoo, Enebish alicheka mpaka akashikwa na kwikwi.

Picha zikawa nyingi, na programu ya kuzipanga ikaanza kujifunza sura. Ilikuwa ikitoa uso mmoja mmoja na kuuliza. Kwa lugha yao swali lile lilisomeka, "Huyu ndiye Siye Huyu?", na watoto walijiviringisha kwa kicheko. Baba akalifanya mchezo: atakayewahi kubonyeza "Ndiye" ameshinda, atakayechelewa anatekenywa kwa ndevu.

Bibi Dulma alikuwa akikata nyama ya kondoo aliposikia mchezo huo. Kisu kikasimama.

"Nani anauliza?" alisema.

"Hakuna anayeuliza, mama. Ni mashine."

"Kuuliza, kimeuliza. Na wewe unajibu."

Sengee akamwambia kwa upole kwamba kitu hiki huuliza watu wote duniani maswali hayohayo, wala hakina haja na mtoto wake. Bibi akarudia nyama yake. Ila tangu hapo, kila watoto walipopiga kelele "Ndiye!", yeye alikuwa akinong'ona chini chini, siye, siye, mkono ukiendelea na kazi.

Ndipo ikaja ile picha ya kutoka juu. Sengee alimuuliza Hulan ameipiga vipi. Binti akakataa, akaapa kwa jina la bibi. Baba akajua ni ujanja wa kitoto, pengine amekifunga kishikwambi kwenye mti mrefu. Akambusu kichwani kwa ubunifu wake, akabonyeza mwenyewe: Ndiye.

Nje, kwenye sufu ya ukuta wa hema, pakagongwa mara mbili. Haikuwa ngumi, wala si upepo. Ilikuwa ncha ya kidole, taratibu, vilevile mtu agusavyo kioo. Akatoka kutazama. Theluji ya usiku uliopita ilikuwa imelala vilevile, haijakanyagwa.

Kesho yake zikawa picha tatu. Enebish anakunywa chai ya maziwa, kapigwa kutoka nyuma ya jiko ambako hapaenei hata paka. Enebish anavaa viatu. Enebish kalala tena, safari hii karibu sana, mpaka kope zinahesabika. Huyu ndiye? Huyu ndiye? Huyu ndiye? Hema likaanza kunuka maziwa yaliyochacha. Urna alisugua vyombo vyote, akamwaga hata yaliyo mazima, harufu ikabaki palepale, hasa upande wa kitanda cha mtoto.

Sasa Sengee aliogopa. Alingoja watoto wamgeuzie mgongo, akabonyeza "Siye". Akabonyeza kwa kila picha. Kioo kikatulia kidogo, kisha yakatokea maneno ambayo programu ile haikuwa imewahi kuandika.

Asante. Tumekwisha kumjua.

Akakizima, akakitumbukiza ndani ya jiko, makaa yakakimeza, plastiki ikavuja na kutoa moshi mweusi. Jioni ileile mtoto akaanza kupoa. Angekuwa na homa, hospitali wangejua la kufanya. Huyu alikuwa anapoa, kwanza vidole, kisha miguu, kisha tumbo, na daktari akampima, akampima tena, akasema vipimo vyote ni vizuri, mrudisheni nyumbani mkamfunike. Wakamfunika kwa ngozi za kondoo, wakachochea jiko mpaka bomba likawa jekundu, Urna akalala amemkumbatia ngozi kwa ngozi, na bado alikuwa kama kitu kilichotolewa kisimani, na huku nje ile ncha ya kidole ikilizunguka hema, inagusa hapa mara mbili, inasogea, inagusa pale mara mbili, chini zaidi, karibu zaidi, mpaka ikafika ukutani sawasawa na kichwa cha mtoto, na hapo ikatulia, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Asubuhi Sengee alikwenda mwenyewe kumtafuta mganga.

Mganga aliitwa Mama Norov, mwanamke mnene aliyewahi kuendesha tingatinga, na alikaa katika ghorofa ambayo lifti yake haifanyi kazi. Alikuja, akasimama mlangoni mwa hema, akanusa. Hakupiga ngoma siku hiyo. Alisema ngoma ni ya kumwita asiyejua njia, na huyu njia anaijua.

"Kukichoma chombo hakusaidii," alisema. "Kile kilikuwa mdomo tu. Lililopotea ni neno. Miaka mitano mmemwambia hapana, wewe siku moja ukamwambia ndiyo, tena ukafurahi."

Sengee akauliza kwa sauti ndogo kama neno linaweza kurudishwa. Mama Norov akamwambia maji yakimwagika hayazoleki, ila mtungi unaweza kuhamishwa. Mtoto atolewe, apewe watu wengine, jina lingine. Asipite mlangoni, maana mlango unatazamwa. Apitishwe chini ya ukuta. Na kabla hajapita, baba aliyekubali ndiye akatae, mtoto mwenyewe akisikia. Hilo jini halimwamini mtu mzima. Linamsikiliza mtoto, mtoto akisadiki, nalo litasadiki.

"Nimdanganye mwanangu?"

"Ukimdanganya atajua. Mkatae."

Zaya, mdogo wake Urna, alikuja na mumewe jua likiwa linazama. Hawakuwa na mtoto, na walikaa mjini katika nyumba ya mawe. Wakasimama nje upande wa kaskazini, wakainua sufu ya ukuta shubiri chache kutoka ardhini. Ncha ya kidole ilikuwa upande wa mlango. Ilikuwa ikigusa bila kupumzika sasa, ikiharakisha, na harufu ya maziwa yaliyochacha ilikaba koo. Bibi Dulma akampaka mtoto masizi, si kwenye paji tu, uso mzima. Hulan alifumbatwa na mama yake ili asilie.

Sengee akapiga magoti. Mtoto akamtazama kwa yale macho meupe katikati ya weusi.

"Baba, nimekosa nini?"

"Mimi siye baba yako."

Enebish akatabasamu kidogo. Alidhani ni mchezo, maana pale sakafuni walikuwa na michezo mingi. "Wewe ni kondoo," alisema.

Hapo ndipo ilipomlazimu Sengee kufanya lile ambalo mpaka leo hawezi kulisimulia bila kugeuza uso. Alimwondoa yule mtoto mikono shingoni, kidole kimoja kimoja. Akamwambia kwa sauti kavu kwamba yeye hana mtoto wa kiume, wa kwake walikufa, huyu aliokotwa tu barabarani na sasa wenyewe wamemfuata. Mtoto akageuka kumtazama mama yake. Urna akatazama jiko. Akamgeukia bibi, na bibi, aliyemlea tangu kitovu hakijakauka, akasema kwa sauti ya kila siku, "Siye huyu."

Uso wa mtoto ukajifunga. Waliokuwamo wote waliona, alisadiki. Wakamsukuma chini ya ukuta, mikono ya Zaya ikampokea, na gari likaondoka bila kuwasha taa.

Mlangoni kidole kikaacha kugusa. Kikaanza kutafuta. Kililizunguka hema usiku kucha, juu, chini, juu, na kulipokaribia kupambazuka kikatoa mlio mwembamba, wa mtoto mchanga aliyenyang'anywa ziwa. Kisha kimya. Harufu ikaisha. Mama Norov akanywa chai yake, akavaa koti, akatoa onyo moja: mtoto akifika miaka minane mtamrudisha, na mpaka siku hiyo mtu akiuliza ni wa nani, Sengee aseme si wake. Awe anauliza mtu, awe anauliza kitu. Akimwita mwanangu mara moja tu, jini litajua lilidanganywa, na halitauliza tena.

Mtoto akapona. Zaya alipiga simu kila juma: anakula, amenenepa, jina lake jipya Nergui, yaani hana jina, analizoea. Hamtaji mtu. Hilo la kutotaja watu Urna alishukuru kwa machozi. Sengee alirudi mgodini, akawa anafanya kazi hata siku zisizo zake, na akiwa nyumbani Hulan alimletea vitabu wasome pamoja, akasoma, lakini kucheza hakuweza tena.

Majira ya kuchipua yalipofika, vumbi likitimka, moyo ulimshinda. Alijiambia atamtazama tu. Akashuka mjini, akasimama nje ya uzio wa shule ya chekechea aliyosoma Nergui, mikono mifukoni, mchana kweupe, akingoja Zaya aje kumchukua. Zaya alichelewa. Watoto wakatoka mmoja mmoja kwa wazazi wao, akabaki mmoja, amenenepa kweli, mashavu mekundu, na Sengee akajikuta ameshika vyuma vya uzio kwa mikono yote miwili.

Mwalimu, binti mpole, alimwona mtu mzima analia. Akamwinamia mtoto.

"Nergui, yule si ndiye baba yako?"

Mtoto akamtazama Sengee vizuri, kwa adabu, kama atazamwavyo mgeni.

"Siye," alisema. "Baba yangu yule pale."

Akanyoosha kidole kwenye kona ya uwanja, chini ya ukuta, mahali pasipo na mtu. Mwalimu akaangalia, akacheka, akageuka kufunga mlango. Mtoto akakimbia kwenda ile kona. Alipofika akainua mkono juu, kama mtoto anayeshikwa na mtu mrefu, na Sengee akaona vidole vya ile glavu ndogo ya sufu vikibanwa pamoja, vikakunjika, vikashikwa. Upepo ukageuka ukaleta harufu ya maziwa yaliyochacha. Jini nalo lilikuwa limesadiki: mtoto hana baba, basi yeyote anaweza kumwokota.

Wakaanza kuondoka kwa lango la nyuma, taratibu, kwa mwendo wa mtoto.

Neno lilikuwa moja tu la kumzuia, na lilikuwa lilelile alilokatazwa kulitamka. Akalishikilia kwa meno mpaka mtoto alipofika langoni. Kisha akaliachia, akalipiga kwa sauti yake yote, watu wa barabarani wakasimama:

"Mwanangu!"

Mtoto hakugeuka. Ageuke vipi, na anayeitwa ni mtoto wa mtu mwingine?