Baba wa Kukodi

"Ngoja kwanza," Tata, baba yangu, alisema, mkono wake ukiwa juu ya kikapu cha kahawa. "Kijana, umesema unaitwa nani?"

"Edgar Niyonsaba, mzee."

"Na huyu mkubwa wako?"

"Yustus Hagenimana. Kaka yangu, baba mmoja mama mmoja."

"Na baba yenu ni nani hapa?"

"Ni mimi, mzee mwenzangu," akajibu mzee mrefu aliyekaa ukingoni mwa kochi, kofia mapajani. "Naitwa Sibomana."

Tata akakivuta kile kikapu, akakirudisha magotini pake. Nyie, sebule yetu ya Ndama ikapoa! Kwetu Wanyambo mgeni hupewa kahawa ya kutafuna kabla ya neno lolote zito. Ukinyimwa, umeshajibiwa.

"Niyonsaba. Hagenimana. Sibomana," Tata alihesabu kwa vidole. "Nyumba moja, majina matatu. Sasa hapo nani mtoto wa nani?"

"Mzee, kwetu sisi..."

"Siku hizi vijana wanakodi wazazi! Hapa jirani waliletewa baba wa kukodi. Akala mbuzi, akanywa rubisi, harusi ikapita, hata msibani hakuonekana. Mimi simo. Bebeni vibuyu vyenu vya rubisi."

Mshenga wao alijaribu kucheka, akaishia kukohoa. Mzee Sibomana hakubishana. Alivaa kofia, akamshukuru mama kwa kiti alichokalia, akatoka.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na gauni jipya nililolishona mwenyewe, jicho kwenye upenyo. Ndimi Joanitha Kokugonza, fundi cherehani wa Nkwenda, mdadisi tangu kuzaliwa. Ukiniletea suruali niipunguze, nitajua nani alikununulia na kwa nini umekonda. Lakini muda wote niliompenda Edgar sikuwahi kumuuliza jina la baba yake. Kwangu alikuwa Edgar, basi.

Jioni nikamtumia meseji: "Edgar niambie ukweli. Yule ni baba yako kweli?"

Jibu likaja: "Hata wewe, Joa?"

Nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaingia meseji nyingine: "Usinipigie leo. Mzee hajala tangu turudi."

Mwanaume niliyemtaka alikuwa ananiponyoka, na nilikuwa nimemsukuma mwenyewe.

Asubuhi nikaenda kwa shangazi Adelgunda, dada yake Tata.

"Shangazi, nisindikize Kaisho."

"Mawe, mama wee! Binti anayeposwa ajipeleke kwa wakwe? Watu watasema nini?"

"Watasema nilikwenda na shangazi yangu."

Akacheka, akatafuta kitenge chake kizuri.

Tulimkuta Mzee Sibomana akipunguza majani makavu ya migomba. Edgar alikuwa naye. Aliniona, akainama kuokota majani ambayo hayakuhitaji kuokotwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuuliza. Kwa nini Edgar hana jina lako?"

Nilidhani atakasirika. Akachomeka panga lake kwenye shina la mgomba, akakaa.

"Kwa sababu jina langu lina ugomvi ndani yake," alisema. "Baba yangu alitoka Burundi akaja hapa kulima kahawa za watu. Jirani mmoja akaapa atamrudisha alikotoka, atake asitake. Nikazaliwa siku hizo hizo. Akaniita Sibomana, yaani wao si Mungu. Kila aliponiita nikale, jirani alisikia."

Shangazi alicheka mpaka kitenge kikamlegea. "Alimpata kweli kweli!"

"Sasa hilo nimpe mwanangu la nini? Ugomvi ule si wake. Kwetu kila mtoto anakuja na neno lake. Mkubwa alizaliwa tumeshafunga mizigo tuhame, tukashindwa kuondoka. Nikasema Hagenimana, Mungu ndiye anayepanga."

"Na Edgar?"

Mzee akapunguza sauti. "Siku ile mama yake alipoteza fahamu. Mkunga akanitoa nje. Nikasimama kwenye migomba hii, sina la kufanya ila kuomba. Niyonsaba. Yeye ndiye ninayemwomba. Baba wa kukodi anayajua hayo?"

Edgar alikuwa amesimama wima. "Baba, hilo la mama hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuniuliza. Huyu ameuliza."

Nikamsogelea Edgar.

"Nisamehe kwa ile meseji."

"Ilinichoma, Joa. Baba yako hanijui. Wewe unanijua."

"Nilikuwa nakupenda bila kukujua vizuri. Sasa nakupenda zaidi."

"Ungeanza na hilo," akasema, na lile tabasamu lake likarudi.

Tulipokaribia nyumbani shangazi akasema, "Waambie waje tena Jumapili. Baba yako Apolinary niachie mimi."

Jumapili baada ya misa wakaja, watu wale wale na vibuyu vyao. Tata akakaa na kikapu chake magotini kama aliyeshika mtoto wa watu.

"Mmepata baba mwingine?" akauliza.

"Ni yule yule," shangazi akadakia. "Apolinary, baba yetu aliitwa nani?"

"Evaristi Kaijage. Unaniuliza hayo mbele ya wageni?"

"Wewe unaitwa nani?"

"Byarugaba."

"Na mimi dada yako?"

"Kokuteta."

"Kaijage. Byarugaba. Kokuteta. Nyumba moja, majina matatu." Shangazi akakunja mikono. "Sasa sisi nani alitukodia baba?"

Mama akaficha uso kwenye kanga. Mabega yalitikisika kwa kicheko.

"Hayo ni ya zamani," Tata akanung'unika. "Siku hizi jina la baba linaandikwa nyuma. Wanangu wote wanaandikwa Apolinary."

"Na ukasahau kwamba wewe hukuandikwa hivyo."

Tata akamgeukia Mzee Sibomana. "Ukoo wenu upi? Na muziro wenu nini?"

Kwetu mkishiriki ukoo au muziro, yaani mwiko wa ukoo, ndoa hakuna.

"Sisi ni Abagesera. Muziro wetu ni kile kindege kinachotikisatikisa mkia uani. Hatukiui."

"Si wa kwetu," Tata akakiri. Lakini mkono haukutoka juu ya kikapu. Aliyeshindwa kwa hoja bado ana ukaidi.

Nikafunua pazia, nikatoka kabla sijaitwa.

"Tata, na mimi kwa nini uliniita Kokugonza?"

"Hujaitwa huku, wewe."

"Nauliza tu. Majina ya wenzangu nimeshayajua. La kwangu najua lina kupenda ndani yake, lakini sijui lilitoka wapi."

Tata akamtazama mama. Mama akateremsha kanga, akamwambia taratibu, "Mwambie."

"Babu yako mzaa mama," Tata akaanza, akasafisha koo. "Alinirudisha na vibuyu vyangu. Alisema watu wa Ndama hatuna ng'ombe, tutamlisha binti yake nini. Mama yako akawakataa wengine wote mpaka mzee akachoka. Ulipozaliwa nikakuita Kokugonza. Nilitaka kila akija kumwona mjukuu, neno hilo alitamke kwa mdomo wake mwenyewe."

"Akalitamka?" Mzee Sibomana aliuliza, akisogea mbele kwenye kochi.

"Mpaka anakufa. Huyu ndiye aliyempenda kuliko wajukuu wote."

Tata alikuwa ameyasikia maneno yake mwenyewe. Alivitazama vile vibuyu vya rubisi pale mlangoni, akaitazama mikono yake iliyokumbatia kikapu. Kisha akasimama, akampita mshenga, akainama mbele ya Mzee Sibomana na kikapu mikononi.

"Sibomana," akasema. Kinyambo na lugha yao ni majirani, hakuhitaji kutafsiriwa. "Wao si Mungu. Na mimi pia si Mungu. Tafuna kahawa, mkwe wangu."

Mzee akachukua punje mbili, moja akampa Edgar. Nyuma yangu mama alianza kupiga vigelegele, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali.