Vidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi simu ya Mama ililia kwa mlio wa kukera, na kila asubuhi Chiriku ndiye aliyekimbia kuinyamazisha. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake. Alilipata darasa la pili kwa sababu ya mdomo wake, na alipofika la sita lilikuwa limeshamganda. Kazi yake ilikuwa kumpelekea Mama maji na vidonge, kisha avae sare aende shule.

Vidonge vile havikuwa vya mchezo. Miaka kadhaa nyuma figo za Mama ziliharibika zote mbili, na kaka yake akampa moja ya zake. Sasa mwili, jamani, una ubishi: ukiona kitu kigeni unakipiga vita, hata kama kimetoka kwa ndugu wa damu. Vidonge ndivyo vilivyoituliza kinga ya Mama ili iiache ile figo ifanye kazi kwa amani.

Huyo kaka mtu, Mjomba wa Chiriku, alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara. Asubuhi haikupita bila yeye kuchungulia dirishani.

"Hodi! Mpangaji wangu hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu," Mama alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Mwambie asinitie aibu huko ndani!"

Mama alikuwa fundi wa kushona sare na magauni, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na juu ilipita kamba ya kuanikia vitambaa, kwa sababu Mama hakukata kitambaa ambacho hakijaloweshwa. Mteja angelia, angebembeleza, angeapa kwamba harusi ni kesho, wapi! "Kitambaa ambacho hakijaandaliwa kitanywea ukishakivaa," alisema. "Kwanza maandalizi, ndipo mkasi." Wateja walinung'unika, lakini nguo zao hazikunywea.

Siku hizo ugonjwa wa korona ulikuwa umerudi mtaani. Mama alivaa barakoa na kuacha madirisha wazi, lakini huwezi kumpima mtu kiuno ukiwa umesimama mbali naye. Mteja mmoja, mwalimu mstaafu, alikuja kupimwa gauni, na kabla wiki haijaisha akalazwa. Mama alinusurika, ila alishtuka kwelikweli. Kwa hiyo zahanati ilipotangaza kwamba chanjo imefika, na kwamba watu wenye kinga dhaifu ndio watakaoanza, hakusita.

"Mimi naenda," alisema jioni hiyo. Baba yake Chiriku, dereva wa lori, alikuwa safarini, kwa hiyo aliyebaki kupinga alikuwa Mjomba.

Mjomba akatua kikombe cha chai. "Dada, hebu tulia. Chanjo ni ya watu wenye nguvu zao. Wewe kinga yako tumeilaza kwa dawa. Ugonjwa ukiingizwa makusudi mwilini mwako, nani atapigana nao?"

"Na ukiingia wenyewe, nani atapigana nao?"

Mjomba akakuna kichwa. "Basi muulize daktari kwanza."

"Nitamuuliza siku hiyohiyo ya kuchanjwa," Mama akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Kumbe kichwani mwake kulikuwa na jambo jingine. Redio ilikuwa imesema, na ilisema kweli, kwamba kwa watu wanaotumia dawa za kupunguza kinga, chanjo huenda isishike vizuri kama kwa wengine. Mtangazaji akaendelea kueleza watu hao wafanye nini. Lakini Mama alikuwa ameshaanza kukanyaga cherehani, na kelele zake zikayafunika maneno yaliyobaki. Alilosikia ni nusu, na hiyo nusu ndiyo aliyoifanyia kazi.

Jumamosi Mama alimwambia Chiriku amsaidie kushona vifungo vya mashati. Chiriku alichukua kopo kubwa la vifungo vyeupe, akalimimina mezani. Akachagua kimoja, akakigeuza kutafuta matundu. Hakikuwa na matundu. Akachagua kingine, nacho vilevile.

"Mama, hivi si vifungo. Hivi ni vidonge vyako."

Cherehani ikanyamaza. Mama aliinuka, akafunga mlango, kisha akarudi kuketi.

"Nauandaa mwili," alisema kwa sauti ya chini. "Dawa hizi zinaizuia chanjo kushika. Nimeziweka kando siku chache tu, kinga iamke kidogo. Nikishachanjwa nitaendelea nazo."

"Lakini daktari alisema usiache hata mara moja!"

"Daktari alisema hivyo kabla ya chanjo kuja. Sasa nisikilize. Mjomba wako asijue, maana atapiga kelele mtaa mzima usikie. Huo mdomo wako leo utie komeo, sawa mwanangu?"

Chiriku alisema sawa. Hakujua mtoto anamkatalia vipi mama yake.

Jumatatu darasani alikaa kimya mpaka watu wakashangaa. Mwalimu alimuuliza kama anaumwa jino. Rafiki yake wa dawati moja alimnong'oneza, "Wewe, umekula gundi?" Chiriku hakucheka. Mawazo yake yote yalikuwa kwenye lile kopo. Alimwogopea Mama, na pia alimkasirikia, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuyahisi yote mawili kwa wakati mmoja.

Aliporudi nyumbani alimkuta Mama ameketi bila kushona. Uso wake ulikuwa umevimba, na kandambili zilikuwa zimeacha alama za mikanda kwenye miguu iliyojaa. Mkono mmoja ameuweka tumboni upande wa chini, pale ilipowekwa figo ya Mjomba.

"Ni joto tu," Mama alisema.

Hakukuwa na joto lolote. Chiriku aliweka mkoba chini.

"Mama, mimi siwezi. Nakwenda kumwambia Mjomba."

"Si uliniahidi?"

"Niliahidi, ndiyo. Chukua ahadi yako," Chiriku alisema, machozi yakimtoka, akavuka barabara mbio.

Mjomba alikuwa amepindua baiskeli, anakaza gurudumu. Chiriku alimweleza yote bila kupumua: vidonge, kopo, redio, miguu. Spana ikamponyoka Mjomba mkononi. Wala hakupiga kelele. Alijishika ubavuni penye kovu lake, kisha akasema, "Twende." Jirani mwenye teksi akawakimbiza wote watatu hospitali.

Daktari wa figo alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimpima Mama, akachukua damu, na majibu yalipokuja aliwaita.

"Mwili umeanza kuikataa figo," alisema. "Nadhani tutaiwahi, lakini siahidi. Mngechelewa kidogo tu, tungezungumza mengine."

Mama akalazwa, akawekewa dawa kwenye mshipa. Chiriku alilia kwenye benchi la ukumbini mpaka kwikwi zikamshika. Mjomba alimpa leso yake yenye harufu ya grisi. "Futa uso, mpwa wangu," alimwambia. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe umewahi kabla hakijafika."

Siku zikapita, miguu ya Mama ikanywea, vipimo vikaanza kurudi vizuri. Ndipo daktari akavuta kiti kando ya kitanda na kumwomba Mama aeleze alifikiria nini. Mama akaeleza, kitambaa na kila kitu. Daktari hakucheka.

"Mama, kitambaa kikiharibika unanunua kingine," alisema. "Figo utainunua duka gani? Ni kweli chanjo inaweza isishike sana kwako. Ndiyo maana watu wa hali yako huongezewa dozi. Hawaachi dawa zao. Ikitokea dawa ya kubadilishwa, sisi wa kliniki ndio tunaoamua, tena kwa vipimo."

Mjomba aliinua mkono kama mwanafunzi. "Daktari, nami nina langu. Hiyo chanjo haitampa huo ugonjwa wenyewe?"

"Hapana. Haina kirusi kinachoweza kumpa korona. Mkono utamuuma, pengine atapata homa na uchovu siku moja mbili. Madhara makubwa yapo, ila ni nadra, na ndiyo maana akishachomwa atasubiri hapa tumwangalie. Kwa mwili kama wake, korona ndiyo ya kuogopwa zaidi. Lakini mwili ni wake. Mimi namweleza ukweli, na yeye ndiye wa kuamua."

"Nataka kuchanjwa," Mama alisema.

"Vizuri, ila si leo. Figo itulie kwanza, nitakuambia lini. Na barakoa na madirisha viendelee. Tena nyinyi mnaoishi naye mchanjwe pia, maana mkikingwa nyinyi, hatari ya kumletea ugonjwa inapungua."

Mjomba akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Sindano?"

"Kaka, wewe si umetoa figo nzima!"

"Nilikuwa nimelala!" Mjomba akafoka, na hata daktari akashindwa kujizuia kucheka.

Baadaye, daktari alipotoa ruhusa, walikwenda wote hospitali kuchanjwa. Baba alikuwa amerudi safari, akachomwa wa kwanza. Mjomba alifumba macho na kuuliza kama tayari, na muuguzi akamjibu kwamba amemaliza zamani. Mama alichomwa wa mwisho, akaambiwa tarehe ya kurudi kwa dozi nyingine. Zamu ya watoto ilikuwa haijafika. Wakati wa kusubiri kuangaliwa, Mama alimvuta Chiriku karibu yake kwenye benchi.

"Siku ile uliponiambia nichukue ahadi yangu, nilikukasirikia sana."

"Nilijua," Chiriku alisema, akiangalia chini.

"Inua uso, unisikilize. Nilisikia nusu ya habari nikajifanya daktari, na kuuliza si ujinga; ningeuliza tu, nisingelazwa. Hilo limepita. Linaloniuma ni kwamba nilikutwisha wewe mzigo wangu, mtoto mdogo. Ukiambiwa ufiche jambo linalohatarisha uhai wa mtu, hiyo si siri ya kutunza, hata kama aliyekuambia ni mama yako. Mtafute anayeweza kusaidia, umwambie."

"Hata kama utakasirika?"

"Hata nikikasirika," Mama alisema. "Anayekasirika yuko hai."